Setilaiti zikinyamaza au zikidanganya: kusoma dalili ukiwa angani

Shika uelekeo ulionao na mwinuko ulionao, halafu andika mambo manne: saa, uelekeo, kasi, na mahali pa mwisho ambapo una hakika ulikuwa. Fanya hivyo kabla ya kugusa menyu yoyote. GPS ikiondoka ndege haianguki. Mabawa na injini havina habari na setilaiti. Anayepotea ni rubani aliyezama kwenye vitufe huku ndege inakwenda, na mwishowe hana nafasi, yaani mahali alipo, kwenye skrini wala hakumbuki alikuwa wapi ilipotoweka.

Ukishaandika, tafuta jibu la swali moja: mawimbi yamekatika, au yanaingia lakini ni ya uongo? Kukatika ni usumbufu. Uongo ndio wa kuogopa, kwa sababu vifaa vyote vinaendelea na kazi bila kulalamika huku vikikupeleka kusiko. Nitaanza na kukatika kwa kuwa ndiko kunakotatuliwa upesi, halafu nikae zaidi kwenye uongo.

Skrini imekiri kwamba haina nafasi

Kila mtengenezaji ana maneno yake. G1000 ya Garmin, mfumo wa skrini za ndege ndogo, huandika LOI, yaani nafasi haina uthibitisho tena, na ikiishiwa kabisa huandika DR, yaani inakisia kuanzia nafasi ya mwisho iliyoijua. Airbus huleta GPS PRIMARY LOST, yaani GPS si chanzo kikuu tena. Boeing huleta UNABLE REQD NAV PERF, ambao ni ujumbe mpana zaidi: unasema usahihi unaotakiwa kwenye njia hiyo haupo tena, sababu iwe yoyote ile.

Usichanganye kukosa nafasi na kukosa uthibitisho. Kipokezi kinahitaji setilaiti 4 ili kijue kilipo, 5 ili kigundue kwamba mojawapo inakosea, na 6 ili kiitambue ile mbovu na kuitupa. Ukiona onyo la RAIM, yaani kipokezi kimeshindwa kujihakiki chenyewe, huku nafasi bado ipo na inalingana na unachokiona nje, mara nyingi ni hesabu ya setilaiti iliyopungua tu. Njiani unaweza kuendelea kwa tahadhari. Kutua kwa GPS, hapana. Kama onyo limekukuta tayari unashuka na uwanja hujauona, katisha, paa, na kufikiri kufanyike ukiwa juu.

Sasa chanzo. Jambo la kwanza ni kuhesabu waathirika. Kama kipokezi namba moja kimepotea na namba mbili kiko salama, tatizo liko ndani ya ndege yako: kisanduku, kebo au antena. Kama vyote viwili vimekwenda kwa pamoja, tatizo liko nje, au liko kwenye kitu ambacho vyote viwili vinakichangia. Uliza kwenye masafa ya redio. Ndege nyingine mbili zikijibu kwamba nazo zimepoteza, acha kuhangaika na fyuzi.

Usiutegemee sana ushahidi wa kishikwambi. Kinaweza kukosa mawimbi kwa sababu tu kimewekwa nyuma ya kioo chenye utando wa chuma wa kupashia joto, au kwa sababu kimepata joto kupita kiasi na kujizima. Kikipata nafasi wakati ndege haina, hapo ndipo kimekupa habari ya maana: washuku antena na kebo kwanza.

Chanzo cha nje kinapatikana kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yake yanapotufikia ni dhaifu kuliko hata kelele za asili za vifaa vya kupokelea. Kipokezi huyachambua kwa sababu tu kinajua mpangilio wake. Kuyafunika hakuhitaji mtambo wa jeshi. Mwaka 2012, karibu na uwanja wa ndege wa Newark huko Marekani, mfumo wa kusaidia ndege kutua ulikuwa ukivurugwa na kidude kidogo kilichokuwa ndani ya pikapu ya kazini. Dereva alikuwa amekichomeka ili mwajiri asijue gari liko wapi. Wala hakuwa na nia mbaya na ndege.

Mzibo wa namna hiyo una tabia zake. Ukiwa chini karibu na barabara kuu, hudumu sekunde au dakika chache kisha unapita. Mzibo wa kijeshi unafika mbali, na kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka, kadiri ulivyo juu ndivyo unavyozidi kuonana na mtambo. Kwa hiyo kushuka nyuma ya milima kunaweza kurudisha mawimbi, lakini tafadhali, hakuna anayeshuka chini ya mwinuko salama kwa ajili ya kutafuta GPS.

Inapotea kila ukibonyeza kitufe cha redio

Dalili hii naipenda kwa sababu chanzo chake hupatikana kwa hesabu ya darasani. Masafa makuu ya GPS ni megahezi 1575.42. Chukua masafa ya redio ya 121.150, zidisha kwa 13: unapata 1574.95. Chukua 131.250, zidisha kwa 12: 1575.00 kamili. Redio ya mawasiliano ikiwa na uchafu kidogo katika utoaji wake, mwangwi wa masafa hayo na ya jirani zake, yaani mazidisho yake, unaangukia moja kwa moja juu ya kichwa cha kipokezi.

Jaribio lake hufanyika ardhini, mahali pa wazi, kwa ruhusa. Fungua ukurasa wa setilaiti, weka redio kwenye 121.150, bonyeza kitufe kwa nusu dakika, na utazame mistari ya nguvu za mawimbi. Ikibaki palepale, nenda 121.175 na 121.200, kisha 131.250, 131.275 na 131.300. Rudia kwa redio ya pili. Mistari ikilala wakati umebonyeza na kuinuka ukiachia, umemkamata mhusika. Fundi ataweka kichujio kwenye kebo ya antena ya redio au ataitenga mbali zaidi na antena ya GPS. Na kama redio zote mbili zinaleta shida ileile, aanze kwa kuchomoa antena ya kile kifaa cha kutoa ishara ya dharura, ELT. Hakijawashwa, ni kweli, lakini saketi zake huweza kupokea nguvu ya redio yako na kuitema upya ikiwa imechafuka.

Chaja za USB za bei rahisi na kamera ndogo zilizobandikwa kwenye kioo ni za kundi hilohilo. Chomoa kimoja kimoja.

Inapotea kwenye kona, au inachelewa kuamka

Antena iko juu ya bodi. Ukilaza ndege sana, bawa au mkia hufunika setilaiti za upande mmoja. Ikirudi ukinyoosha mabawa, kama anga lilikuwa na setilaiti chache huo si ugonjwa. Kama inatokea hata kwenye kona ya digrii 20, antena inachoka au maji yameingia kwenye kiungo cha kebo.

Kuchelewa kuamka baada ya ndege kulala muda mrefu au kusafirishwa mbali ni kawaida. Orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu kupakuliwa, tena ukiwa chini ya anga wazi. Ndani ya hanga la mabati utangoja bure. Kuna jambo jingine la kuangalia hapo: mahanga mengine yana vifaa vya kurudia mawimbi ya GPS ndani kwa ajili ya mafundi, na ndege iliyoegeshwa mlangoni inaweza kuonyesha kwamba iko palipo antena ya paa.

Inacheza baada ya jua kuchwa

Katika ukanda wa tropiki, saa chache baada ya machweo, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme huchafuka, na mawimbi ya setilaiti yanayopita humo humetameta. Utaona setilaiti moja moja zinadondoka na kurudi, usahihi unashuka, halafu usiku unapoendelea mambo yanatulia. Miezi ya ikwinoksi, usiku na mchana vinapolingana, ndiyo mibaya zaidi katika sehemu nyingi. Dhoruba kubwa ya jua hufanya hivyo kwa eneo pana zaidi, kama ile ya tarehe 10 na 11 Mei 2024, na kwa kawaida huleta dalili ya pili: redio ya masafa ya HF, ile ya mawasiliano ya mbali, nayo inakufa au inajaa mikwaruzo. GPS na HF zikiugua kwa pamoja, usitafute mzibaji, tafuta taarifa ya hali ya hewa ya anga za juu.

Kila kitu kipo, ila kuna kitu hakikai sawa

Hapa ndipo penye kazi. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Skrini ni safi, otopailoti imeshika njia. Tangu Septemba 2023, marubani wanaopita anga la Iraki na jirani na mpaka wa Irani walianza kukutana na mawimbi ya kughushi yenye nguvu ya kutosha kudanganya mifumo ya ndege kubwa, na baadhi ikabidi waongozwe kwa uelekeo kutoka ardhini. Mashariki mwa Mediterania na Bahari Nyeusi nako yamekuwa ya kawaida. Mara nyingi walengwa ni droni, na ndiyo maana nafasi ya uongo huwa ni uwanja wa ndege: droni nyingi zilikuwa zimepangwa kukataa kuruka karibu na viwanja. Ndege ya abiria inabeba uongo uliotungiwa mwingine.

Shahidi wa kwanza ni saa. GPS ni mfumo wa saa kabla ya kuwa mfumo wa mahali, na anayeghushi mara nyingi hakosi kuivuruga. Ilinganishe saa ya ndege na saa ya mkononi. Ikiwa imeruka dakika kadhaa au saa kadhaa, umedanganywa, au unaelekea kudanganywa. Athari zake zinasambaa: mawasiliano ya data na waongozaji yanaweza kukataa kuunganika kwa sababu nyakati hazilingani.

Kuna jambo moja la kutofautisha. Tarehe ikiwa imerudi nyuma karibu miaka 20 huku mahali pako pakiwa sahihi kabisa, huyo si mghushi. Vipokezi vya zamani huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya kutoka sifuri. Ilitokea Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na itatokea Novemba 2038. Dawa yake ni programu mpya kutoka kwa mtengenezaji.

Shahidi wa pili ni upepo. Kompyuta hupata upepo kwa kutoa kasi ya hewani kwenye kasi ya ardhini. Kasi ya ardhini ikighushiwa, upepo unageuka kichekesho: sekunde hii ni noti 35 (maili za baharini kwa saa) kutoka magharibi, sekunde ijayo ni noti 240 kutoka popote. Macho yako hayatagundua kasi ya ardhini iliyobadilika kidogo, lakini upepo wa aina hiyo yatauona. Tazama pia mwinuko wa GPS ukilinganisha na wa altimeta. Tofauti ya mamia ya futi ni ya kawaida, ya maelfu mengi si ya kawaida.

Shahidi wa tatu ndiye ninayemwamini kuliko wote. Weka kituo cha DME, mtambo wa ardhini wa kupimia umbali, kilicho jirani, soma umbali wake, kisha soma kompyuta ya ndege inasema kituo hichohicho kiko umbali gani. DME hupima kwa redio kutoka ardhini na haijui setilaiti ni nini. Kumbuka tu kwamba inapima umbali wa mshazari: ukiwa futi 36,000 juu ya kituo chenyewe itasoma karibu maili 6. Ukiwa mbali na kituo tofauti hiyo huisha. DME ikisema 48 na kompyuta ikisema 75, huna haja ya ushahidi mwingine. Njia ya mwongo ni fupi, na DME ndiyo inayoifupisha.

Makosa mawili ya kufikiri hujitokeza hapa. La kwanza ni kusema, "GPS zote mbili zinakubaliana, kwa hiyo ni sawa." Zote mbili zimelishwa uongo mmoja, kukubaliana kwao hakuna uzito. La pili ni kumuuliza mwongozaji akuthibitishie mahali bila kumuuliza anakuona kwa njia gani. Kama anakuona kwa ADS-B peke yake, basi anaona nafasi ambayo ndege yako yenyewe inamtangazia, yaani uongo uleule umezunguka na kurudi kwako ukiwa na sauti ya mtu. Uliza wazi: unaniona kwa rada?

Ukithibitisha, ondoa GPS kwenye hesabu ya mfumo kwa utaratibu ulio kwenye kitabu cha ndege yako, rudisha saa kwenye mwendo wake wa ndani, na kama otopailoti inafuata njia ya kompyuta, ihamishie kwenye uelekeo. Kuna ndege ambazo mfumo wa inesha, unaokadiria mahali kwa kupima mwendo wa ndege yenyewe, husahihishwa na GPS. Hizo zikishameza nafasi ya uongo hazitapiki hadi ardhini. Kwa hiyo pale kitabu kinaporuhusu, GPS hutolewa kwenye hesabu kabla ya kuingia eneo linalojulikana.

Onyo la milima ukiwa futi 37,000

Mfumo wa kutahadharisha juu ya ardhi hulinganisha nafasi ya GPS na ramani yake ya milima. Nafasi na mwinuko vikighushiwa, unaweza kusikia "Pull up" ukiwa juu kuliko mlima wowote duniani, hata saa nzima baada ya kutoka kwenye eneo la ughushi. Ukiwa juu kiasi hicho, na altimeta zote zikikubaliana, zima kipengele cha ramani ya ardhi kama kitabu kinavyoelekeza. Ile sehemu inayotumia altimeta ya redio itaendelea kukulinda karibu na ardhi.

Hatari ni mazoea. Rubani aliyepuuza maonyo matatu ya uongo kwenye safari atalisikia la nne akiwa anashuka usiku kwenye mawingu, na mkono utakuwa mzito. Kwa maoni yangu, ukiwa unashuka au uko chini, kanuni ni moja: kama ni mchana na unaiona ardhi kwa macho yako, tumia macho. Kama huioni, vuta na upande.

Sasa unaruka na nini

Mwambie mwongozaji mapema, kwa maneno anayoyatarajia: "Unable RNP", yaani siwezi kushika usahihi unaotakiwa, pamoja na sababu. Usione aibu. Pasipo rada, kupotea kwa GPS kunaweza kukufuta pia kwenye skrini yake, naye atahitaji kuongeza umbali kati yako na wengine.

Ndege kubwa itarudi yenyewe kwenye DME mbili, kisha VOR (kituo cha redio kinachoonyesha uelekeo) na DME, na mwisho inesha peke yake. Inesha huhama polepole. Kiwango kinachokubalika ni hadi maili 2 za baharini kwa saa. Baada ya saa tatu baharini unaweza kuwa maili 6 pembeni. Kwa njia ya bahari kuu hilo linavumilika, kwa kutua halivumiliki kabisa.

VOR bado ni rafiki, mradi usikilize herufi zake za Morse, zinazotaja kituo, kabla ya kuiamini. Sindano inaweza kutulia vizuri kwenye kituo kisicho chako. Mistari ya vituo viwili ikikatana karibu na pembe mraba, mahali pako ni hapo. Ikikatana kwa pembe nyembamba, tafuta kituo kingine.

Na kama huna chochote ila dira na saa, hesabu ni nyepesi. Tuseme kasi ya ardhini ni noti 120, yaani maili 2 kwa dakika. Baada ya dakika 12 umekwenda maili 24. Unatazama chini, unaona daraja la reli ambalo lilipaswa kuwa chini yako, nalo liko maili 2 kushoto. Umehamia kulia. Kanuni ya moja kwa sitini, yaani maili 1 pembeni baada ya maili 60 ni digrii 1: 2 mara 60, gawa kwa 24, kosa lako ni digrii 5. Zimebaki maili 30: 2 mara 60, gawa kwa 30, digrii 4. Geuza kushoto digrii 9 na utafika. Ukigeuza digrii 5 tu utakwenda sambamba na njia yako, maili 2 pembeni hadi mwisho. Kumbuka kulinganisha kijairo cha uelekeo (kifaa cha gurudumu linalozunguka) na dira ya sumaku kila dakika 15, ndege ikiwa imenyooka na kasi haibadiliki, maana dira hudanganya kwenye kona na wakati wa kuongeza mwendo.

Jambo moja ambalo huamuliwa kabla ya kuruka ni uwanja. Aprili 2024 ndege mbili za Finnair zilirudi Helsinki bila kutua Tartu, Estonia, kwa sababu ya mvurugo wa GPS, na shirika likasitisha safari hizo hadi mwisho wa Mei ili iwekwe njia ya kutua isiyotegemea setilaiti. Ukichagua uwanja wa akiba ambao nao una njia ya GPS tu, hujachagua akiba. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Baada ya kutua

Kabla ya kuzima umeme, piga picha ukurasa wa setilaiti na ukurasa wa saa. Andika mahali na mwinuko ulipoanza, mahali ulipoisha, kipokezi kipi, na kama ndege nyingine zililalamika. Fundi akipewa karatasi iliyoandikwa "GPS ilipotea" atabadilisha kisanduku kizima, na tatizo litarudi kesho kama lilikuwa kwenye kiungo cha kebo chenye kutu au antena iliyopakwa rangi isiyoruhusiwa.

Kama ulidanganywa, kurudi kwa mawimbi halali hakutoshi; vipokezi vingine hubaki vimekwama kwenye tarehe ya uongo hadi vikatiwe umeme kabisa. Zima, ngoja, washa, halafu soma tarehe kwanza na nafasi baadaye. Mfumo wa inesha uulinganishe upya kikamilifu, na nafasi ya kuanzia uiingize kwa mkono kutoka kwenye bango la maegesho, si kwa kukubali ile ambayo GPS imekujazia.